Kitovu kijue machache

Kati ya kuweka mifumo yote chini ya kitovu kimoja na kuigatua, nimekosea pande zote mbili. Mara ya kwanza tuliunganisha uingiaji wa mifumo yetu yote kwenye seva moja ya utambulisho. Ilikuwa raha: mfanyakazi akiondoka, unafunga akaunti moja, basi. Usiku mmoja diski ya seva hiyo ikajaa. Hatukuweza kuingia popote, hata kwenye seva yenyewe, maana nenosiri letu lilipaswa kuhakikiwa na hiyohiyo iliyokufa.

Tukakimbilia upande wa pili: kila timu na hifadhidata yake. Mwaka haukuisha, mteja mmoja akawa na anwani tatu katika mifumo mitatu, na hakuna aliyejua ipi ya kweli. Kosa hili liliniuma zaidi. Seva ikizimika utajua mara moja. Data zinazopingana huoza kimyakimya.

Aliyenifungua macho ni DNS, mfumo unaotafuta anwani ya kompyuta kwa jina lake kwenye intaneti. Zamani majina ya kompyuta za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, yalikaa katika faili moja, ikitunzwa mahali pamoja, na wengine wakinakili. Mashine zilipoongezeka, utaratibu huo ukaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, na hakukiondoa kitovu, alikipunguzia kazi. Seva za mzizi, zilizo juu kabisa katika DNS, hazijui anwani ya tovuti yako; zinajua tu nani aulizwe baada yao. Kila mwenye kikoa, yaani jina kama mfano.com, hutunza majina yaliyo chini yake, na majibu huhifadhiwa kwa muda karibu na anayeuliza, kwa hiyo si kila swali linapanda hadi juu.

Basi usiulize kama mfumo mzima uwe wa pamoja au wa kugatuliwa. Chukua kitu kimoja kimoja: nakala mbili zikitofautiana hapa, nani ataumia? Salio la fedha na haki za kuingia ziwe na chanzo kimoja. Kazi zenyewe zifanyikie karibu na mtumiaji.

Chanzo kimoja si lazima kiwe mashine moja. Ila hesabu vizuri: seva tano zinazoamua kwa kura za zaidi ya nusu ya zote huvumilia kufa kwa mbili, nne huvumilia moja tu, sawasawa na tatu.

Halafu kizime kitovu kwa makusudi, mchana, watu wakiwa tayari, na kila seva muhimu ikiwa na akaunti yake ya dharura. Tulipojaribu mara ya kwanza, kilichonyamaza kabla ya vyote ni mfumo wa kutuma tahadhari. Wiki hiyohiyo tukauhamishia kwenye seva yake.