Shuttle na ile satelaiti ya mwaka 1992

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenigusa. Mmeuliza: je, vyombo vya anga vinavyotumika zaidi ya mara moja vimeshusha gharama ya kumpeleka mtu angani? Kwa upande wa Space Shuttle, vile vyombo vya NASA vilivyopaa kama roketi na kutua kama ndege, jibu ni hapana na halihitaji ubishi. Iliahidiwa kuruka mara nyingi kila mwaka, lakini mwaka wake wa kazi nyingi kuliko yote, 1985, iliruka mara 9 tu. Kuanzia Aprili 1981 mpaka Julai 2011 ni safari 135, na ukichukua hela yote iliyoingia kwenye mradi ukaigawa, kila safari inapita dola bilioni 1. Kila ikirudi wanakagua vigae zaidi ya 24,000 vya kuzuia joto, injini zinafunguliwa, roketi za pembeni zinaopolewa baharini, na lile tangi kubwa la mafuta la rangi ya chungwa ndo halirudi kabisa. Sasa hapo unafuu utoke wapi.

Ila mi nimechoka na huu mjadala wa bei, maana kila Shuttle ikitajwa watu wanakimbilia bei halafu wanafunga hesabu, hakuna anayeuliza ilifanya nini ambacho chombo kingine kilikuwa hakiwezi. Ilikuwa inaenda kufuata vitu! Roketi ya kawaida inapeleka mzigo na imemalizana nao. Shuttle ilikuwa na sehemu ya mizigo ya urefu wa mita 18, mkono wa roboti, chumba cha kutokea nje, na watu wa kutosha. Novemba 1984 Discovery, moja ya hizo Shuttle, ilizifuata satelaiti mbili zilizopotea njia, Palapa B2 na Westar 6, ikazirudisha duniani, na baadae zote zikarushwa upya. Hebu fikirieni hilo.

Lakini safari ambayo siwezi kuacha kuizungumzia ni ya Mei 1992, iliyopewa namba STS-49, safari ya kwanza kabisa ya Shuttle iitwayo Endeavour. Kulikuwa na satelaiti ya mawasiliano ya shirika la Intelsat, yenye uzito wa tani 4 hivi, iliyorushwa Machi 1990 kwa roketi ya Titan, ikaachwa chini mno, ikawa inazunguka dunia bila faida kwa mtu yeyote. Endeavour ikatumwa ikaifungie mota mpya ya kuipandisha. Mpango kwenye karatasi ulikuwa mzuri, mwanaanga Pierre Thuot anasimama kwenye ncha ya mkono wa roboti akiwa na fimbo maalumu ya kunasia, anaigusisha chini ya satelaiti, vifungo vinajifunga, kazi kwisha. Tarehe 10 Mei akajaribu, vifungo vikagoma, na kila akigusa kidogo tu ule mzigo unasukumika na kuanza kuyumba. Kesho yake tena, vilevile. Watu wa ardhini ikabidi waitulize satelaiti upya kwa mbali.

Sasa hapa ndo pananimaliza. Wamebakiwa na nafasi moja, na wazo lililokuja kutoka kwa wenyewe walioko juu ni kwamba watoke watu watatu waikamate kwa mikono. Watatu! Hakuna aliyewahi kufanya hivyo, chumba cha kutokea kilitengenezwa kwa ajili ya wawili, kwa hiyo wenzao kule Houston, kituo cha NASA cha wanaanga, wakaingia kwenye bwawa la mazoezi kuhakikisha kwanza kama watatu wenye mavazi yale manene wanaenea. Wakaenea. Tarehe 13 wakatoka, Thuot kwenye mkono wa roboti, Richard Hieb amebana miguu upande mmoja wa sehemu ya mizigo, Tom Akers kasimama kwenye kifaa walichokiunga hapohapo. Halafu wakasubiri. Dan Brandenstein, kamanda, anaisogeza Endeavour yote, karibu tani 100, kidogokidogo mpaka satelaiti ikawa juu ya vichwa vyao, nayo bado inajizungusha taratibu. Ukiangalia ile video utaona mikono sita imeinuliwa, hakuna anayegusa. Maana mmoja akishika kabla ya wenzake inaponyoka kama juzi. Kisha wakaishika wote kwa pamoja, ikasimama. Wakaifunga mota, wakaiachia, na mota ilipowashwa ikapanda mpaka obiti yake. Walikaa nje masaa 8 na dakika 29, rekodi ya wakati huo.

Na mwaka uliofuata, Desemba 1993, Endeavour hiyohiyo ikaenda kuirekebisha darubini ya Hubble iliyokuwa na kioo chenye kasoro, siku tano mfululizo za kutoka nje. Kila mnachokijua kuhusu picha za Hubble kinapita hapo.

Nilitaka niishie hapo niseme Shuttle ilionewa. Lakini nikiisoma tena hadithi ya 1992 kuna kitu kinanikwaza. Mle ndani walikuwepo watu 7, kwa sababu ya satelaiti ya biashara. Shuttle nyingine, Challenger, 28 Januari 1986, nayo ilibeba satelaiti ya mawasiliano, mzigo ambao roketi isiyo na mtu ingeubeba. Mpira wa kuzibia maungio ya roketi ya pembeni ulishindwa kwa sababu ya baridi, wahandisi walishaonya usiku wa kuamkia siku hiyo, na baada ya sekunde 73 watu 7 wakafa, hakukuwa na njia ya kuwatoa. Shuttle Columbia 2003 ni kipande cha povu la tangi kiligonga bawa la kushoto wakati wa kupaa, wahandisi wakaomba picha za kuangalia uharibifu, hawakupewa. Wengine 7. Chombo kilikaa ubavuni mwa tangi, kwa hiyo chochote kinachodondoka kinakipiga, na hilo halikurekebishika kwa kuongeza ukaguzi.

Crew Dragon, chombo cha sasa cha kampuni ya SpaceX, inakaa juu ya roketi na ina injini za kuwachomoa watu mambo yakiharibika. Iliyowapeleka Doug Hurley na Bob Behnken Mei 2020, nao wakaiita Endeavour, Aprili 2021 ikapeleka watu wengine. Huyo Hurley ndo alikuwa rubani wa Shuttle ya mwisho 2011. Haina mkono, haina chumba cha kutokea, haiwezi kufuata kitu tani 4 ikakirudisha. Ila watu wana njia ya kutoka.

Kwa hiyo naona Shuttle isingepaswa kubeba satelaiti za biashara hata siku moja, na hiyo inamaanisha hata STS-49 ninayoipenda isingefanyika. Inaniuma kuandika hivyo. Hubble naiacha pembeni, ile ilistahili, na waliokwenda walijua wanaendea nini. ISS, kile kituo cha kimataifa cha angani, bado nagombana nayo, kwa sababu vipande vyake vya Urusi kama Zarya na Zvezda vilipanda kwa roketi za Proton bila mtu ndani, lakini mabawa makubwa ya sola na maabara nyingi ni Shuttle ndo ilizipeleka na watu wakazifunga kwa mikono. Wakitengeneza siku moja chombo chenye mkono na sehemu ya mizigo, na kiwe na njia ya kuokoa waliomo tangu sekunde ya kwanza, mi nitakuwa wa kwanza kukitetea, hata kikiwa ghali.