Sasisho likikataa mara tatu, usikimbilie kufomati

Jumamosi usiku kijana mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, aliniandikia, akiniita Yaya kama mkubwa wake: "Yaya, Windows imekataa mara ya tatu. Inakwenda vizuri, ikikaribia kumaliza inarudi nyuma. Fundi anasema nitoe Ubuntu, ati ndiyo inaharibu. Nikubali?"

Ubuntu ni mfumo wa pili wa kompyuta, aliouweka kwenye mashini moja na Windows. Nilimjibu kwa herufi kubwa: HAPANA. Kisha usingizi ukanipotea, maana maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi, na mimi nilikubali.

Nilikuwa naandika TFC yangu, kazi ya kumalizia masomo ya chuo, kwenye Ubuntu. Windows niliiacha kwa sababu ya programu ya uhasibu. Ilikuwa imeshatangazwa kwamba msaada wa Windows 10 utakoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mimi nikiona tarehe huwa situlii, basi nikaanza kuhamia 11 mapema. Mega za intaneti nilinunua kwa pesa ya chakula, nikapakua usiku kucha. Alfajiri mashini ikaniambia inarudisha kila kitu kilivyokuwa. Nikarudia. Ikakataa tena.

Nikaipeleka kwa fundi karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Hata kuiwasha hakuiwasha vizuri. "Mashini moja mabwana wawili? Haiwezi." Jioni akanirudishia ikiwa na Windows 10 mpya, safi kabisa, na kurasa 43 za TFC zimekwenda. Na nikamlipa! Hadi leo nikipita barabara ile navuka upande wa pili.

Wiki mbili baadaye nikajaribu tena kuhamia 11. Kosa lilelile. Ubuntu haikuwemo tena, sasa wa kulaumiwa ni nani? Siku hiyo ndipo niliposoma ile sentensi ya Kifaransa badala ya kuifunga: Windows haikuweza kusasisha patisheni, yaani kipande cha diski, iliyotengwa kwa ajili ya mfumo.

Patisheni hiyo inaitwa EFI. Mara nyingi Windows huitengeneza ikiwa na megabaiti 100 tu, na mifumo yote miwili huweka humo mafaili yake ya kuwashia mashini. Diski inaweza kuwa na gigabaiti 200 tupu, kachumba hako kakijaa sasisho halipiti. Nilirudisha Ubuntu kwa hasira, nikaandika amri ya kuangalia kamejaa kiasi gani:

df -h /boot/efi

Asilimia 97. Nilipochungulia ndani, Ubuntu ilikuwa imechukua sehemu ndogo tu. Iliyojaza ni folda ya mtengenezaji wa laptopu, yenye nakala za zamani za BIOS, ile programu inayoamka kwanza mashini ikiwashwa. Niliinakili yote kwenye flashi, nikafuta zile za zamani tu, nikaanza upya. Saa moja na nusu baadaye Windows 11 ikanisalimia. Nilipiga kelele hadi mama mwenye nyumba akagonga mlango.

Kwa hiyo, wadogo zangu, someni kosa kabla ya kumwita mtu. Nakilini kazi yenu nje ya mashini kwanza. Angalieni EFI. Katika Windows zimeni ile "démarrage rapide" (kuwasha haraka), kwa sababu inaiacha patisheni ya Windows nusu usingizini, na Ubuntu inaweza kuisoma bila kuweza kuandika humo. Umeme ukikatika Ubuntu ikiwa katikati ya sasisho, na sisi hapa tunaujua umeme wetu, fungueni teminali muandike sudo dpkg --configure -a, itamalizia ilipoachia. Sasisho la Windows likipita halafu menyu ya kuchagua mfumo ikapotea, Ubuntu haijafutika. Ingieni BIOS, ipandisheni Ubuntu iwe ya kwanza kwenye orodha ya kuwashia. Na nakilini kazi yenu. Nimeshasema? Nasema tena. Mnataka kuitwa wainjinia na hata flashi ya elfu chache hamna!

Kijana wa Kamalondo alinitumia picha Jumapili mchana: EFI yake imejaa asilimia 99. Jioni akatuma nyingine, Windows imepita na Ubuntu yake ipo.

Jumatatu akanipigia fundi wa soko la Kenya mwenyewe. Namba sijui aliipata wapi. Anauliza ile amri ya df inaandikwaje. Nilimpa, lakini Alhamisi.