Mwanangu, dawa za chunusi na harusi ya Mfungo Mosi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kama chunusi hizi umezirithi kwangu, na kama uanze vidonge alivyokuandikia daktari wa ngozi ilhali imebaki miezi minne ufunge ndoa, na shoga zako wanakwambia vinaua kizazi.

La kwanza jepesi. Ndiyo, zimetoka kwangu. Itazame ile picha ya harusi yangu iliyo sebuleni. Watu husema nimemgeukia baba yako kwa mapenzi. Nilikuwa naficha shavu la kushoto.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kujua, nami ndiye niliyekukosea. Ulipokuwa na miaka kumi na sita, kila asubuhi nilikwambia kanawe uso vizuri, kama kwamba ulikuwa mchafu. Nikakupaka limao, nikakupaka dawa ya meno. Bibi yako akasema umetaka mume. Sote tulikuwa tunahangaika na ngozi ya juu, na ugonjwa wenyewe uko chini.

Kila kinyweleo kina tezi ya mafuta. Homoni zinapoichochea, inatoa mafuta kupita kiasi, yanagandamana na seli zilizokufa na kitundu kinaziba. Bakteria ambao kila mtu anao kwenye ngozi wanazaliana humo, na mwili unawavamia. Kwa watu kama sisi ukuta wa kitundu hicho unapasuka huko huko ndani, uvimbe unasambaa. Ndiyo yale manundu yako yasiyo na kichwa, yanayouma hata ukilalia mto. Sabuni itafika wapi huko? Na ukiyakamua unausukuma usaha ndani zaidi. Haya mashimo ya shavuni mwangu, mengi niliyachimba kwa kucha zangu mwenyewe.

Ile krimu ya kopo lisilo na maandishi uliyonunua chuoni, iliyokutakatisha wiki mbili kisha uso ukalipuka, usiirudie hata ukipewa bure. Krimu za namna hiyo mara nyingi huchanganywa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, na steroidi zenyewe huleta chunusi.

Sasa vidonge. Doksisaiklini, ile antibayotiki, umemeza miezi mitatu, umepaka benzoili peroksaidi, ile dawa ya kuua bakteria wa ngozi, mpaka foronya zote zikababuka rangi, na manundu yamerudi. Hapo ndipo isotretinoini, hivyo vidonge ulivyoandikiwa sasa, inapoingia. Si dawa ya juzi; Marekani waliiruhusu mwaka 1982. Inazikausha tezi za mafuta mpaka zisinyae, na wengi wakimaliza dozi hukaa miaka bila kuihitaji tena. Ila doksisaiklini uiache kabisa kabla ya kuanza, maana zikikutana zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya kichwa. Kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, acha dawa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Shoga zako wamechanganya mambo. Kizazi chako hakiguswi. Kinachoharibika ni mimba itakayoingia wakati unameza: moyo wa mtoto, ubongo, masikio, uso. Hapo hakuna kujaribu bahati, hata kwa siku chache. Ndiyo maana daktari amekutaka upime mimba kwanza na uwe na njia ya uzazi wa mpango muda wote wa dawa, na mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho. Najua unaona haya kulisikia hili kwangu. Mimi pia naona haya kuliandika, lakini nani mwingine akuandikie?

Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya duka. Kwa kawaida dozi nzima hufika miligramu 120 hadi 150 kwa kila kilo ya mwili. Una kilo 50, basi ni 6,000 kwa uchache. Ukimeza 40 kwa siku, ni siku 150, miezi mitano. Harusi itakukuta katikati. Mimi naona uanze sasa, ila mchumba wako ajue kabla ya nikaha, si baada. Akikataa kungoja mtoto hiyo miezi michache, basi dawa ndiyo isubiri, na ningependa kuzungumza naye.

Vimeze na chakula chenye mafuta. Pilau ya Ijumaa imepata kazi. Wiki za mwanzo uso unaweza kuchafuka zaidi, usikate tamaa. Midomo itakauka na kupasuka, weka mafuta ya mgando mkobani. Utapimwa damu kuangalia ini na mafuta yaliyo kwenye damu, usikwepe. Vidonge vya vitamini A usiongeze. Usichangie damu. Moyo ukijaa huzuni bila sababu, niambie mimi na daktari, usijifungie.

Na somo wako atakuja na singo na liwa, akusugue kutoka unyayo hadi paji. Mwili mpe, ila kwa mkono mwepesi. Uso haumhusu. Ngozi iliyo kwenye dawa hii ni nyembamba, ikisuguliwa inachubuka na kuacha madoa. Wala asikutoe vinyweleo kwa nta. Akinuna nitamtuliza.

Mama mkwe akianza kuuliza habari za mjukuu, mpe namba yangu.

Mama yako