Maswali ya Wasomaji: Safari ya Mama Kurudi Tanga

SWALI: Shikamoo. Mama yangu ana umri wa miaka 68, anaishi Tanga, na anatumia dawa za shinikizo la damu. Mwaka jana alikwenda Toronto kumwona mjukuu aliyezaliwa kwa kaka yangu, akakaa miezi miwili. Kwenda hakukuwa na shida, kurudi ndiko kulikotutesa. Alitua Dar es Salaam mchana, tukampandisha basi la Tanga siku hiyohiyo, akafika miguu yote miwili imevimba hata kandambili hazimwingii. Sanduku lenye dawa zake lilichelewa siku mbili. Kisha kwa karibu wiki mbili akawa anaamka saa nane usiku, anawasha jiko na kukaanga maandazi, halafu mchana kutwa anasinzia sebuleni. Sasa yuko huko tena, na atarudi mwishoni mwa Agosti. Kaka amepata tiketi ya bei nafuu, ila mama atasubiri Addis Ababa kwa muda wa saa 15. Tuikubali? Na tufanyeje ili yale yasijirudie?
Binti, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na tiketi, kwa sababu hiyo haisubiri. Msiikubali. Achilia mbali adha ya mama mtu mzima kukesha uwanja wa ndege, liko jambo ambalo wauza tiketi hulitaja kwa nadra: Tanzania humtaka msafiri aonyeshe cheti cha chanjo ya homa ya manjano akiwa amekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa ndege wa nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Ethiopia ni mojawapo. Kama mama alikwisha kuchanjwa na kadi yake anayo, hilo halina tabu, kwani tangu Julai 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nacho. Kama hajawahi kuchanjwa, cheti huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, na mtu aliyevuka miaka 60 hachanjwi kwa mara ya kwanza kabla daktari hajapima faida na hatari, maana madhara makubwa ya chanjo hii, ingawa ni nadra, huwapata zaidi watu wa umri huo. Kuyabeba yote hayo kwa ajili ya punguzo la nauli ni hesabu isiyolipa. Ndege ya moja kwa moja kutoka Toronto hadi Addis Ababa huchukua yapata saa 13, na kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni kama saa 3, kwa hiyo kaka atafute tiketi ambayo kati ya ndege hizo mbili mama atapumzika kwa saa chache tu.

Sasa nije kwenye maandazi. Mwezi Agosti Toronto iko nyuma yetu kwa saa 7, yaani saa nane ya usiku ya Tanga ni saa moja ya jioni kule, wakati ambao bila shaka mama alikuwa amezoea kuingia jikoni kusaidiana na mkwewe. Hakuwa amechanganyikiwa, alikuwa anapika chakula cha jioni cha Toronto. Wakati wa kwenda siku yake ilirefuka, na mwili hulivumilia hilo kwa urahisi, kwa kuwa saa yake ya ndani kwa watu wengi huzidi kidogo saa 24. Wakati wa kurudi hutakiwa kulala mapema kuliko ulivyozoea, na mwili husogea kwa takriban saa moja tu kwa siku. Wiki moja ya kukesha ni ya kawaida. Ile ya pili, nadhani, ililetwa na usingizi wa sebuleni.

Dawa yake ni nuru ya jua, lakini kwa wakati wake. Siku mbili za mwanzo asikae juani asubuhi, kwa sababu saa tatu ya asubuhi kwetu ni saa nane ya usiku kwa mwili wake, na mwanga mkali wa wakati huo huusukuma mwili uchelewe zaidi. Atoke baada ya adhuhuri, atembee, akae barazani hadi alasiri, kisha kila siku awahi kidogo kuliko jana. Akizidiwa na usingizi mchana, alale nusu saa mumwamshe, hata kama atanung'unika.

Kuhusu miguu, samahani nikisema wazi kwamba kosa lilikuwa lenu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kukaa kitako zaidi ya saa 4, iwe ndani ya ndege, basi, treni au gari dogo, huongeza karibu maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, ingawa hatari yenyewe ni ndogo, yapata mtu 1 kati ya 6,000. Nanyi mlimtoa mama kwenye kiti cha ndege mkamweka kwenye kiti cha basi. Safari hii alale kwa ndugu Dar es Salaam usiku mmoja au miwili. Ndani ya ndege achague kiti cha kando ya njia, ainuke kila baada ya saa moja au mbili, na amuulize daktari kuhusu soksi za kubana. Miguu yote miwili ikivimba bila maumivu, kwa kawaida hunywea baada ya siku chache. Ukivimba mmoja, ukauma kwenye misuli ya nyuma na kupata joto, au akibanwa na pumzi, hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni wiki tatu baada ya kufika.

Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, za wiki nzima zaidi ya siku za safari, pamoja na karatasi ya daktari yenye jina la dawa yenyewe, maana jina la kiwandani la Kanada huenda lisijulikane kwa mfamasia wa Tanga.

Kaka aombe pia kiti cha magurudumu angalau saa 48 kabla ya safari. Ni bure. Mama atasema yeye si mgonjwa, nanyi mwambieni kwamba anayesukuma kiti ndiye anayeijua njia ya kwenda kwenye ndege ya pili.

Na majirani watakaotaka kuja kumpokea, waombeni waje siku ya tatu. Zawadi za Kanada hazichachi.