Anastasia wa Filamu na Mwanamke wa Kiwandani

Swali lenu la wiki hii, ni filamu ipi iliyomtendea haki zaidi mrithi wa kifalme anayesemekana kupotea, nalijibu kwa kumchukua Anastasia, binti wa mwisho wa Nicholas wa Pili wa Urusi, aliyeuawa pamoja na wazazi na ndugu zake mjini Yekaterinburg usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918.

Katuni ya mwaka 1997 naipita haraka, kwa kuwa inamtwika Rasputin, mtu wa dini aliyekuwa karibu na familia hiyo ya kifalme, pamoja na uchawi wake, lawama ya mapinduzi ya Urusi, ilhali mtu huyo aliuawa Desemba 1916, na vita na njaa havitajwi. Filamu ya mwaka 1956, iliyompatia Ingrid Bergman tuzo yake ya pili ya Oscar, ina utu zaidi. Walaghai wanamfunza mwanamke asiyejikumbuka adabu za kasri ili apite kama Anastasia, kisha wanampeleka kwa bibi mzaa baba wa Anastasia, Maria Feodorovna, anayeigizwa na Helen Hayes. Bibi amekwisha kumkataa, lakini mwanamke yule anakohoa na kueleza kwamba ndiyo kawaida yake akiogopa. Papo hapo mzee anamkumbatia, kisha anamsihi kwamba, ikiwa siye, asimwambie kamwe. Filamu haituambii kama ndiye. Inatuonyesha tu mzee aliyefiwa na wote, anayetamani abakiwe na mmoja.

Hata hivyo, Maria Feodorovna halisi, aliyefariki Denmark mwaka 1928, hakukutana kamwe na Anna Anderson, mwanamke mashuhuri kuliko wote waliodai kuwa Anastasia, ambaye mkasa wake ndio uliozaa filamu hiyo. Vipimo vya vinasaba vya mwaka 1994 vilimhusisha na ukoo wa Franziska Schanzkowska, Mpolandi aliyekuwa kibarua wa kiwanda cha silaha mjini Berlin, na inaaminika kwamba Anna ndiye huyo Franziska. Mwaka 1916 bomu la mkono lilimponyoka kazini, likamjeruhi na kumuua msimamizi wake. Mwaka 1920 aliopolewa kwenye mfereji wa jiji hilo, akakataa kutaja jina lake. Makovu yake wafuasi waliyahesabu kuwa ya risasi na singe za Yekaterinburg, na Hollywood nayo ikamvika binti mfalme makovu hayo hayo. Kwa maoni yangu, huyo ndiye aliyedhulumiwa na filamu hizi, na iwapo itatoka moja inayoanzia kiwandani badala ya kasri, nitailipia kiingilio bila kuuliza nani kaigiza.