Kuwekewa titi la silikoni baada ya kansa

SWALI: Shangazi shikamoo, nilikatwa titi la kushoto sababu ya kansa, sasa daktari anasema naweza kuwekewa la silikoni. Nitegemee nini? Mama Zai, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Mara nyingi sio operesheni moja, wanaanza kukuwekea kifuko chini ya ngozi au msuli, halafu unakuwa unarudi kliniki wanakijaza maji ya chumvi kidogo kidogo kwa sindano mpaka ngozi itanuke, siku hizo kifua kinabana kweli, ndo baadaye wanakitoa wanaweka silikoni yenyewe. Ukitoka thieta utakuta mipira ya kutolea majimaji inaning'inia ubavuni, usishtuke, na ndoo ya maji usibebe wiki kadhaa hata wifi akinuna. Ganzi kwenye ngozi mara nyingi haiishi yote, kwa hiyo chupa ya maji moto kaa nayo mbali, utaungua na hujui. Kama ulipigwa mionzi mkumbushe daktari mapema, maana hapo titi hukakamaa kirahisi na kidonda huchelewa kupona. Na silikoni si ya maisha, miaka ijayo huenda ukabadilishiwa. Chuchu? Hiyo ya mwisho, wengine wanachorwa tatuu tu. Ukiona wekundu, homa au usaha, rudi hospitali siku hiyohiyo.