Maswali yenu kuhusu kuchati kwa IRC (Internet Relay Chat), mfumo wa kuchati kwa maandishi mtandaoni

IRC ni ya tangu lini?

Agosti 1988. Jarkko Oikarinen aliiandika katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, kabla hata Wavuti haijazaliwa. Kanuni zake zilichapishwa Mei 1993, na bado inafanya kazi. Wanaoicheka kwa uzee wake siwaelewi: ni maandishi matupu, kwa hiyo hata kompyuta kuukuu inaimudu bila kuhema.

Nilikuwa kwenye chaneli (chumba cha soga), mara nusu ya watu wakatoka kwa mpigo, kisha wakarudi wote. Wamenikimbia?

Wala. Na huenda wao walidhani wewe ndiye uliyetoka.

Mtandao wa IRC ni seva nyingi (kompyuta zinazopokea na kupitisha ujumbe) zilizounganishwa kama matawi ya mti: kutoka seva moja hadi nyingine ipo njia moja tu. Ujumbe wako hufika kwenye seva uliyojiunga nayo, nayo humpasia jirani, jirani naye jirani yake. Kiungo kimoja kikikatika, mtandao unagawanyika, na kila upande unaendelea na soga zake. Tazama mstari unaotangaza kuwa fulani ametoka. Mara nyingi, mahali pa sababu utakuta majina mawili ya seva. Hizo ndizo zilizoachana.

Zamani wajanja walivizia nafasi hiyo. Upande ambao chaneli imebaki tupu, wa kwanza kuingia alipewa alama ya @, yaani uendeshaji wa chaneli. Seva zikiungana tena, anawafukuza wenyewe! Ndiyo maana mitandao mingi sasa ina huduma ya kusajili majina na chaneli. Kama una chaneli, isajili leo.

Mbona ujumbe wangu mrefu unakatwa mwishoni?

Mstari mmoja hauzidi baiti 512 (herufi ya kawaida ni baiti moja), na humo mna amri na jina la chaneli pia. Ugawe. Lakini usimwage kurasa nzima za msimbo wa programu. Ukifukuzwa kwa hilo, mimi niko upande wa aliyekufukuza.

Nikizima kompyuta napitwa na maongezi. Nifanyeje?

Kwa kawaida seva haikuwekei yaliyopita. Zipo programu za kati unazoziweka kwenye mashine isiyozimwa: zinabaki chanelini kwa jina lako, na ukirudi zinakuonyesha yote.

Ujumbe wa faragha ni siri kweli?

Kwa wenzako wa chanelini, ndiyo. Kwa mwenye seva, hapana. Jiunge kupitia poti (namba ya mlango wa kuingilia seva) 6697, ambayo kwa kawaida husimba mawasiliano, yaani huyafumba yasisomeke njiani. Kwenye 6667 maandishi hupita wazi. Ila usimbaji huo unaishia kwenye seva. Mwenzako akiwa amejiunga kwa 6667, kipande cha njia kilichobaki, kutoka seva yake hadi kwake, maneno yako yanapita bila kufichwa, na kwenye soga yenyewe huoni dalili yoyote.